Pochi ya Bei Mbaya: Ufundi, Jina au Ulimbukeni?

Tarehe 10 Julai 2025, jijini Paris, mkoba mweusi uliochakaa uliuzwa mnadani kwa euro milioni 8.6. Umekwaruzika, una alama za stika zilizobanduliwa, na kwenye mkanda wake unaning'inia mkasi mdogo wa kukatia kucha. Ndio mkoba wa kwanza kabisa wa aina ya Birkin. Kampuni ya Hermès iliutengeneza kwa ajili ya Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji Mwingereza aliyeishi Ufaransa, baada ya mama huyo kukaa kiti cha jirani na mkuu wa kampuni hiyo, Jean-Louis Dumas, ndani ya ndege ya kutoka Paris kwenda London na kumlalamikia kwamba hapati mkoba unaomfaa mama mwenye mtoto mdogo. Kwa hesabu ya Tanzania fedha hizo zinazidi shilingi bilioni 20. Rekodi ya awali ya mkoba mnadani, Hermès ya aina ya Kelly ya ngozi ya mamba iliyouzwa na Christie's mwaka 2021, ilikuwa dola 513,040.

Bilioni 20. Kwa begi lenye mkasi wa kucha.

Habari ya namna hiyo ikifika Kariakoo haipiti bila ubishi, na mahali pazuri pa kuusikiliza ni upenuni kwa fundi. Wabishi wa makala haya ni wanne na wataitwa kwa kazi zao. Fundi anashona na kukarabati mikoba na viatu. Karani ni dada wa benki aliyeleta pochi yake ibadilishwe zipu. Mwalimu ni mstaafu anayekuja pale kila asubuhi kusoma gazeti alilonunua mwenzake. Mchuuzi ni kijana anayeuza mikoba kutoka China, ya kila jina unalolijua na mengine usiyoyajua. Sauti hizi ni za kutungwa. Hoja zao zinasikika kila siku mjini, na takwimu zilizomo hazikutungwa.

Mwalimu ndiye aliyechokoza. "Ulimbukeni mtupu," alisema. "Mkoba ni wa kubebea vitu. Ukishabeba, kazi imekwisha. Mengine yote ni watu kutafuta namna ya kuringishiana." Akamtaja Thorstein Veblen, mchumi wa Marekani aliyeandika mwaka 1899 kuhusu matajiri ambao bei ya kitu ikipanda, hamu yao nayo inapanda.

"Shikamoo yako nimekupa tangu nilipofika, Mwalimu, kwa hiyo sasa niruhusu nikubishie," Karani alijibu. "Bibi yangu wa Unguja alikuwa na sanduku la njumu. Limepigwa misumari ya shaba mpaka mbao hazionekani vizuri. Khanga zake zingekaa salama tu ndani ya boksi. Mbona hakuna aliyemwita mlimbukeni?"

Mwalimu alijitetea kwamba sanduku lile linarithiwa, ilhali pochi ya mtindo inakufa msimu ukiisha. Utetezi huo haukufika mbali, maana Birkin iliyouzwa Paris ilikuwa na umri wa miaka 40. Na kusema kweli pwani hii haijawahi kuona haya kupenda mapambo. Milango ya Lamu na Mji Mkongwe imechongwa maua ambayo hayaongezi chochote katika kufunga mlango, na kofia ya viua hushonwa tundu kwa tundu, kwa majuma, ili ivaliwe saa chache za sala na sherehe.

Karani alikuwa na mfano mwingine mfukoni, na ni mfano wa nguvu. Anayetaka kuzielewa pochi za urembo mwingi, zile za harusini zinazometameta kuliko bibi harusi, aanze na Judith Leiber. Alizaliwa Budapest mwaka 1921 katika familia ya Kiyahudi, akajifunza ushonaji wa mikoba katika mji huohuo, na akawa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chama cha mafundi wa kazi hiyo nchini Hungaria. Alinusurika vita, akaolewa na mwanajeshi wa Kimarekani, Gerson Leiber, wakahamia New York. Kampuni yake mwenyewe aliianzisha mwaka 1963. Miaka minne baadaye vipochi vya shaba vilivyochovywa dhahabu vilirudi kutoka kiwandani vikiwa na mabaka ya kijani. Hasara tupu. Leiber hakuvitupa, aliyafunika mabaka kwa vijiwe vya kioo, kimoja kimoja. Kasoro ya kiwanda ikazaa sanaa. Baada ya hapo zikafuata pochi zenye umbo la paka, la nyanya, la bilinganya, la kipande cha tikiti maji, maelfu ya vijiwe kwa kila moja na vyote vikibandikwa kwa mkono. Wake wa marais wa Marekani walizibeba, na makumbusho yakazihifadhi. Mke na mume walifariki siku moja, tarehe 28 Aprili 2018.

"Na inabeba nini hiyo bilinganya?" Mwalimu aliuliza.

"Lipstiki na leso. Simu ya siku hizi inaingia kwa shida."

"Kwa hiyo haibebi kitu."

"Inabeba macho ya watu, Mwalimu. Ndiyo kazi yake."

Muda wote huo Fundi hakuwa ametia neno. Alikuwa ameigeuza pochi ya Karani ndani nje na kuisogeza kwenye mwanga. Pochi ina jina kubwa mbele, kwa herufi za rangi ya dhahabu. Bitana yake imeshonwa kwa mashine, uzi wa nailoni. Pembeni, pale ngozi ilipoanza kulika, panachungulia kadibodi. Rangi ya ukingo inabanduka kama kucha zilizopakwa rangi mwezi uliopita. Fundi aliiona kadibodi, akamtazama mwenye pochi, na hakuuliza imenunuliwa wapi. Aliyeletewa zipu hushughulika na zipu.

Ila mshono hakuweza kuuacha upite. "Njoo uone, dada. Mashine ina nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinashikana katikati ya ngozi. Wa juu ukikatika, unavuta kidogo tu, mstari mzima unafumuka. Mimi nikishona kiatu kwa mkono natumia uzi mmoja na sindano mbili, sindano kila ncha. Zinapishana kwenye tundu moja. Kata hapa: pale bado pameshika."

Bila kujua, au labda akijua vizuri sana, Fundi alikuwa ameeleza mshono wa Hermès. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1837 kwa kutengeneza lijamu na hatamu za farasi, na mshono wa sindano mbili ni mshono wa matandiko: kamba ya farasi ikifumuka barabarani mtu anakufa. Mpaka leo Birkin hushonwa na fundi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, kwa saa 15 na zaidi. Dukani inauzwa zaidi ya dola 10,000, na kuwa na fedha hizo hakutoshi. Mwaka 2024 wateja wa California waliipeleka kampuni mahakamani wakidai kwamba ili mtu aonyeshwe Birkin ni lazima kwanza anunue skafu, viatu na vikorokoro vingine. Mahakama iliitupa kesi yao mwaka 2025.

Mchuuzi alipiga kofi la mshangao. "Yaani milioni ishirini na kitu unayo, na bado unabembeleza uuziwe? Mimi mteja akishika tu begi namkimbilia na kikokotoo."

"Huo ndio ujanja wenyewe," Mwalimu akasema.

Na hapa Mwalimu alibadilisha mwelekeo. Alikiri kwamba mshono wa sindano mbili unastahili kulipiwa. Ugomvi wake ukahamia kwa wale wanaojificha nyuma ya mshono huo, wakiuza kwa bei ya mikono kitu kilichopigwa haraka haraka. Akataja Milan. Mwezi Juni 2024 mahakama ya jiji hilo iliiweka kampuni ya Manufactures Dior, kitengo cha Dior nchini Italia, chini ya uangalizi wa kimahakama kwa sababu ya kushindwa kuwachunga wazabuni wake. Nyaraka za wachunguzi zilionyesha karakana zilizoendeshwa na Wachina pembezoni mwa Milan, wafanyakazi wakilala humo humo, na mashine zikiwa zimeondolewa vifaa vya usalama ili zikimbie. Mzabuni mmoja alilipwa euro 53 kwa kutengeneza mkoba uliokuwa ukiuzwa dukani kwa euro 2,600. Miezi miwili nyuma kitengo kimoja cha Giorgio Armani kilikuwa kimepewa amri ya aina hiyo hiyo na mahakama hiyo hiyo.

Haki itendeke: hiyo euro 53 haikuhesabu ngozi, wala usanifu, wala kodi ya duka la barabara kuu. Dior ilitoa tamko la kulaani yaliyofanyika na kuacha kuwapa kazi wazabuni wale, na uangalizi uliondolewa mapema mwaka 2025. Karani aliyasema hayo yote, na yalikuwa sahihi.

Fundi akauliza swali moja. "Na yule aliyeshika sindano, katika hizo hamsini na tatu, alipata ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba swali hilo ndilo lililoutoboa utetezi wa anasa. Ukiuza ufundi, fundi awe ndiye mtu wa kwanza kunufaika. Asiponufaika, kilichouzwa ni jina, na jina halihitaji saa 15.

Mchuuzi aliona zamu yake imefika. Kijana huyu kila mwaka anakwenda Guangzhou, kwenye masoko ya ngozi ya wilaya ya Baiyun, na anarudi na kontena la kushirikiana na wenzake. "Mnaniita muuza feki. Sawa. Lakini mnajua ile turubai maarufu ya Louis Vuitton, yenye herufi na maua, ni kitambaa cha pamba kilichopakwa plastiki? Ngozi ni mikono na kingo tu. Na watu wanatoa karibu dola elfu mbili! Mimi naweka plastiki yangu kwa bei ya plastiki. Hata Walmart Marekani walikuwa na begi la dola themanini linalofanana na Birkin, mwisho wa 2024, likagombaniwa mpaka likaisha."

Kuhusu turubai yuko sahihi. Asichokisema ni kwamba zile herufi zilibuniwa kwa ajili ya watu kama yeye. Georges Vuitton alizichora mwaka 1896 ili kuwazuia walioiga masanduku ya baba yake. Dawa ikageuka kuwa ugonjwa, maana leo huenda hakuna mchoro unaoigwa kuliko huo. Tanzania sheria haina utani katika jambo hili: Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza, na Tume ya Ushindani hukamata mizigo bandarini na madukani na kuiteketeza. Kenya ina sheria yake ya kupambana na bidhaa bandia, ya mwaka 2008.

"Kwa hiyo kaka, unauza jina la mtu," Fundi alimwambia kwa upole. "Shona begi zuri uandike jina lako."

"Nikiandika jina langu nani atanunua, mzee?"

Jibu la Mchuuzi ni la uchungu na lina ukweli. Lakini mpaka kati ya mwizi na mwibiwa umechorwa upande mmoja tu. Tazama begi la miraba la plastiki, lile la zipu, ambalo Watanzania wanaliita shangazi kaja na Wanigeria wanaliita "Ghana Must Go" tangu wageni walipofukuzwa Nigeria miaka ya 1980. Ni begi la msafiri asiye na sanduku. Kwa msimu wa 2007 Louis Vuitton ilipitisha jukwaani mkoba wenye miraba hiyo hiyo, ukiwa na nembo ya kampuni, kwa bei ambayo shangazi hakuwahi kuiota. Kwa msimu wa 2012 kampuni hiyo hiyo ilitoa nguo za kiume na skafu zenye miraba ya shuka ya Kimaasai, kazi ya Kim Jones, mbunifu aliyeishi Kenya utotoni. Mtu anaweza kusema shuka yenyewe ilitoka viwandani, si kwenye boma. Ni kweli. Ila walioifanya itambulike dunia nzima ni Wamaasai, na hawana mawakili wa Paris.

Kisa cha Dapper Dan wa Harlem kinachekesha zaidi. Kuanzia mwaka 1982 fundi huyu aliwashonea wasanii na wanamichezo nguo zilizojaa nembo za Gucci, Fendi na Louis Vuitton bila kuomba ruhusa. Makampuni yakamwandama kwa kesi na upekuzi mpaka duka likafungwa mwaka 1992. Mwaka 2017 Gucci ilionyesha koti lililofanana mno na lile alilomshonea mwanariadha Diane Dixon miaka ya 1980. Watu wakapiga kelele mitandaoni. Mwaka uliofuata Dapper Dan alifungua duka jipya Harlem, safari hii kwa vitambaa vya Gucci wenyewe. Mwizi wa jana ameajiriwa na mwenye mali.

"Sasa mnaona?" Mchuuzi alicheka. Furaha yake ilipita kiasi, kwa sababu Dapper Dan alibuni; yeye ananakili. Tofauti hiyo Fundi aliitaja, na Mchuuzi akaanza kuangalia simu yake.

Karani alirudi na hoja iliyoonekana kumtoka moyoni. "Nyie wanaume mnazungumza kama vile kuchagua pochi ni mchezo. Mimi nikiingia kwenye kikao, kabla sijafungua mdomo watu wameshanisoma kuanzia viatu mpaka begi. Mwanamume anaingia na funguo za gari mkononi, basi, inatosha. Pochi yangu ndiyo funguo zangu." Mwalimu hakuwa na jibu, na hakujifanya analo. Huko Kinshasa na Brazzaville masapeur, wapenzi wa mavazi ya kifahari, wameishi kwa hoja hiyo kwa miongo: mtu anayeishi chumba kimoja anatoka amevaa viatu vya Weston na suti ya Ulaya, na mtaa mzima unasimama kumtazama. Mwanamuziki Papa Wemba aliwafanya wafahamike duniani. Kuwaita walimbukeni ni rahisi. Ugumu ni kuwaambia kwamba hawana haki ya kupendeza mpaka kwanza watajirike.

Jambo lililowaunganisha wote wanne ni moja: fedha za nani. Juni 2018 polisi wa Malaysia walitangaza matokeo ya upekuzi katika nyumba zilizohusishwa na waziri mkuu aliyekuwa ameshindwa uchaguzi, Najib Razak, na mkewe Rosmah Mansor. Walihesabu mikoba 567, na kati ya hiyo 272 ilikuwa ya Hermès, iliyokadiriwa kuwa na thamani ya ringgit milioni 51.3. Najib alisema vitu vile vilikuwa zawadi. Nepal, Septemba 2025, vijana walisambaza mitandaoni picha za watoto wa wanasiasa wakiwa na mikoba na maboksi ya kampuni kubwa, wakauliza mshahara gani wa serikali unanunua vile. Swali hilo, pamoja na hasira za rushwa na za kufungiwa mitandao, liliwatoa barabarani. Watu wengi waliuawa, na waziri mkuu K. P. Sharma Oli alijiuzulu tarehe 9. Kenya nako, katika maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Muswada wa Fedha, kujionyesha kwa viongozi kwa saa na mavazi ya bei mbaya kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachoma vijana.

"Hapo mimi na wewe hatubishani," Mwalimu alimwambia Karani.

"Hatubishani, Mwalimu. Mimi yangu nimeikata kwenye mshahara."

Yamebaki ya mamba, na hayapaswi kurukwa, kwa sababu mikoba ya Hermès iitwayo Himalaya, ile inayofifia kutoka kijivu hadi weupe wa theluji, hutengenezwa kwa ngozi ya mamba wa Nile, ndugu wa hawa wa Rufiji, Mara na Ziwa Turkana. Anayetumika ni wa kufugwa, na biashara yake ina vibali vya kimataifa. Lakini mwaka 2015, baada ya shirika la kutetea wanyama la PETA kuonyesha video kutoka mashamba ya Texas na Zimbabwe, Jane Birkin mwenyewe aliomba jina lake liondolewe kwenye mikoba ya mamba. Wiki chache baadaye alisema ameridhishwa na hatua zilizochukuliwa. Fundi, ambaye ameshona ngozi ya ng'ombe maisha yake yote, alisema tu kwamba ng'ombe angalau analiwa.

Je, upande upi umeshinda? Mwalimu ameshindwa kwa urembo: mtu kupenda kitu kinachong'aa si kosa, na Leiber peke yake anatosha kulithibitisha hilo. Karani ameshindwa kwa ufundi, kwa sababu bei ya dukani haisemi lolote kuhusu mkono ulioshona mpaka mnunuzi aulize. Mchuuzi ameshindwa kwa jina. Fundi hakuwa na hoja ya kushindwa nayo. Alikuwa na swali, na swali lake limesimama.

Limesimama hata kwa wanaonunua kwa nia njema. Tangu mwaka 2010 mbunifu Vivienne Westwood alikuwa akitoa mikoba iliyotengenezwa Nairobi, kwa mabango ya zamani ya barabarani, vipande vya ngozi vilivyobaki na shaba iliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu, kupitia mpango wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa. Hata hapo mtu anaweza kuuliza aliyeshika sindano alipata ngapi. Lakini mikono ya Nairobi iliweza kushona mkoba ukauzwa London. Hiyo ina maana uwezo upo, na kinachokosekana ni wateja wa hapa hapa.

Kwa hiyo, msomaji mwenye harusi ya kuhudhuria Desemba na fedha zako halali mkononi: nenda kwa fundi. Mchoree unachotaka, vijiwe na vyote. Mwambie ashone kwa mkono, kwa sindano mbili, aweke bitana ya maana na asitie kadibodi. Mpe nusu ya malipo mapema ili anunue ngozi nzuri, mpe na muda. Akikutajia bei, usimwombe akupunguzie kwa sababu eti yeye si wa Paris.